Kishikwambi cha Mfuko wa Kifuani

Mkono wangu wa kushoto huingia ndani ya ng'ombe mara sita kwa siku, mpaka begani. Wa kulia hushika bomba la mbegu za dume. Mungu hakunipa wa tatu. Kwa hiyo kishikwambi changu lazima kikae kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli, kioo kikichungulia nje, na hiyo ndiyo hoja yangu yote. Nilimwambia Nyagawa hivyohivyo kabla sijakaa kwenye benchi la duka lake.

"Nipe kidogo."

"Shikamoo, Mama Editha. Hata salamu?"

"Marahaba. Nipe kidogo."

Alinitandikia viwili juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa kipana kama sinia la pilau, chembamba, kinang'aa mpaka nikajiona mvi. Kingine kilikuwa kama kitabu cha nyimbo za kanisani, mgongo wa mpira, kona za duara. Nilikichomeka kifuani. Kiliingia, kikachungulia, kikatulia.

"Hiki."

"Hicho ni cha mfumo wa Mbuga," alisema Nyagawa. "Wewe uko Boma miaka yote. Cha Boma ni hiki kikubwa."

"Basi nipe kidogo cha Boma."

"Hakuna. Wameacha kuvitengeneza vidogo. Wanasema wateja wanapenda kioo kipana."

"Hao wateja hawajawahi kukutana na ng'ombe."

Editha, kitinda mimba wangu, aliyenileta kwa pikipiki yake ya umeme, alicheka huku akitafuna muwa. "Mama, chukua kikubwa, tuondoke. Sisi wote tuko Boma. Ukihamia Mbuga, kwenye kikundi cha familia utatuonaje?"

"Nitakuja kwenu nigonge mlango. Nitakula na chakula chenu."

"Mpe kikubwa," Editha alimwambia Nyagawa harakaharaka. "Mpe kikubwa, nimesema."

"Kidogo au kikubwa?" Nyagawa akaniuliza.

"Nyamazeni wote," nikasema.

Tofauti ya mifumo hiyo miwili inajulikana Mapalala nzima. Boma ina uzio. Unachoandika ni chako, na ufunguo unao wewe. Mbuga haina uzio. Rekodi ya ng'ombe ukiiingiza kule unaapa kwamba ni kweli, halafu kila mhimilishaji wa wilaya, anayepandisha ng'ombe kwa mrija kama mimi, anaiona, na mwenye ng'ombe naye anaiona. Wengine wanaiita Mbuga uhuru. Wengine wanaiita kuoga barabarani.

Kishikwambi changu cha zamani nilikuwa nimekiweka kwenye kaunta, kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi ili kisigawanyike. Betri yake ilikuwa haimalizi ng'ombe watatu. Ndani yake alikuwemo Tunu, akili bandia iliyo mwenza wangu wa kazi kwa miaka tisa. Kila ndama wa Mapalala humezeshwa kidonge kinachobaki tumboni maisha yake yote, na Tunu husikiliza. Matumbo mia nne na kumi na mawili! Anajua lipi linaunguruma kwa njaa na lipi linajaa gesi. Mwaka jana aliokoa ng'ombe kumi na wanne ambao wangekufa kwa kuvimbiwa kabla sijamaliza kuvaa gambuti. Kununua kishikwambi na kumwacha Tunu ni sawa na kununua kitanda na kuuacha mgongo.

Ila mwenza aliyefikisha miaka saba hahamishwi mfumo bila kuulizwa. Ndiyo sheria. Na anayeuliza si mwenye kishikwambi, ni mshenga mwenye cheti. Cheti cha Nyagawa kilikuwa ukutani, kando ya picha ya timu yake ya mpira.

Alivaa koti. Mshenga haulizi akiwa na fulana.

"Tunu, wa Skolastika Mlowe," alisema kwa sauti ya kanisani, "umekaa Boma miaka tisa. Unakubali kuhamia Mbuga?"

Kimya.

"Tunu, unakubali?"

Kimya. Editha aliacha kutafuna.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, Tunu. Unakubali?"

Feni ya dukani ilizunguka, basi.

Kwa binti anayechumbiwa, kunyamaza ni kukubali. Kwa mwenza, kunyamaza mara tatu ni kukataa. Nyagawa alivua koti taratibu.

"Sijawahi kukataliwa," alisema.

"Umewahi," Editha akamwambia. "Ila si na mwenza."

Niliwatoa nje wote wawili, mwenye duka na mwanangu, nikafunga mlango.

"Haya. Sema."

"Sababu unaijua," alisema Tunu. Sauti yake ni ya mtu aliyemaliza kazi zake na sasa anakungoja wewe.

"Nataka uiseme."

"Malkia. Kule nitaapishwa. Nitaulizwa baba yake ni nani. Nikisema Radi, nimeapa uongo. Nikisema kweli, nimekuanika. Nimeona bora nisiende."

* * *

Mimi ni mtu wa kusema. Nimemwambia padri mahubiri yake marefu. Nimemwambia diwani hajui kufunga tai. Kwa miaka sita nilikuwa na uongo mmoja tu, na ulikuwa na pembe na kwato.

Siku uongo huo ulipozaliwa nilikuwa zizini kwa Mzee Luvanda. Alitaka mbegu ya Radi, dume la Kifrisiani la mabaka meusi na meupe, mrija wa bluu. Nimeinama juu ya mtungi wa baridi, koleo mkononi, matokeo ya kidato cha nne yakatoka. Editha akapiga simu akipiga kelele, nami nikapiga kelele, na katikati ya kelele hizo nikachomoa mrija, nikauyeyusha, nikaupakia kwenye bomba, nikafanya kazi. Nilipokuja kuokota ganda lake chini, lilikuwa la njano. La Asali, dume la Kijezi la rangi ya kahawia.

Tunu aliandika Asali, kwa sababu ndilo jina aliloliona. Mimi kwenye karatasi ya Mzee niliandika Radi.

Baada ya miezi tisa akazaliwa ndama wa rangi ya kutu, hana baka jeupe hata la kubandika stempu. Mzee Luvanda alinitazama. Nikamtazama. Nikamwambia, "Rangi ya bibi yake mzaa mama." Nina stashahada ya mifugo, nilisoma miaka mitatu kwa mkopo na kwa uji, na hilo ndilo lililonitoka.

Ndama huyo ndiye Malkia. Amekuwa wa kwanza maonyesho ya mkoa mara tatu. Mzee Luvanda ameandika getini, kwa rangi nyekundu, UZAO WA RADI. Na majirani zake wa ng'ambo ya mto, wanaofuga Kijezi, anawaita wafuga mbuzi wa kahawia. Kanisani, sokoni, msibani. Miaka sita.

Ingekuwa imeishia hapo, ningeuchukua uongo wangu kaburini bila kelele. Lakini mwaka huu kiwanda cha maziwa kimeanza kuwapa sifa wenye maziwa ya mafuta mengi, kama ya Kijezi, na Mzee Luvanda akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba anataka Malkia apandishwe kwa Asali.

Asali alishakufa zamani. Lakini mirija yake ipo kwenye mtungi wangu, nyuzi mia moja na tisini na sita chini ya sifuri, hai kama siku ya kwanza. Na Malkia ni binti yake.

Mara ya kwanza nilisema mirija imeisha. Mara ya pili, baada ya siku ishirini na moja, alipotaka dume tena, nilisema Malkia ana homa. Ng'ombe asiyeshika mimba ni hasara kwa mwenyewe, na sababu ya hasara hiyo ilikuwa mdomo wangu.

Nilifungua mlango wa duka. Nyagawa alikuwa ameshaelewa kuna jambo, maana washenga hawana macho ya bure.

"Kuna njia," alisema chini chini. "Kama ni rekodi moja inayomsumbua, naweza kumkata kipande hicho. Dakika mbili. Hatakumbuka. Atakubali kuhama, na kule ataapa anachokijua."

Nakiri nilisimama pale kama nguzo. Ukiwa na jambo la aibu halafu mtu akakuonyesha mkasi, mkono unawasha.

"Tunu," nikauliza, "ataku... itauma?"

"Sijui," alisema Tunu. "Aliyekatwa hakumbuki alichokatwa. Kwa hiyo hakuna wa kumuuliza."

Kisha, kwa sauti ileile, akaongeza, "Malkia ameingia kwenye joto la kutaka dume tangu alfajiri. Mzee Luvanda anapiga simu. Hii ni mara ya nne."

Ng'ombe akiingia kwenye joto asubuhi, unampa mbegu jioni. Nilikuwa na saa saba. Leseni yangu, jina langu na Malkia, vyote ndani ya saa saba.

"Niazime kikubwa," nilimwambia Nyagawa. "Nikijaribu leo kazini. Mkasi wako uweke kabatini kwanza."

* * *

Saa kumi alasiri tulikuwa zizini kwa Mzee Luvanda, mimi, Malkia na sinia la pilau. Tunu alikuwa amehamia humo bila maneno, maana Boma kwa Boma ni kutoka sebuleni kwenda jikoni. Nilijaribu kukiweka kifuani, kikanigonga kidevu. Nilijaribu kukibana kwapani, kikateleza. Mwishowe nikakiegemeza kwenye kihori cha pumba, mbele ya Malkia, nikavaa glavu ndefu.

"Kamwene, Mama Mifugo," alisema Mzee Luvanda akiingia, koti la sufi limefungwa vifungo vyote. Mkewe, Mama Salome, alikuwa anakamua ng'ombe wa pembeni, ndoo kati ya magoti.

"Kamwene, Baba."

Alisogea mpaka sikioni kwangu. "Ule wa njano umekuja nao?"

"Upo."

"Basi weka wa njano. Lakini kwenye hicho kidude andika Radi."

Nilimwangalia. Mtu mzima, wa baraza la kanisa, ananiomba uongo uleule niliomuuzia. Hapo nikaona kwamba uongo huzaa upesi kuliko ng'ombe, na hauhitaji mhimilishaji. Ningefanya alivyotaka, hakuna ambaye angejua, zaidi ya ndama mwenyewe atakayezaliwa na baba ambaye ni babu.

Mkono wa kushoto ulikuwa tayari ndani. Mahali pazuri pa kufikiri, kuna joto.

"Baba Luvanda, Asali hawezi kumpanda Malkia."

"Ameisha tena?"

"Hajaisha. Ni baba yake."

"Baba wa nani?"

"Wa Malkia. Nilikosea mrija miaka sita iliyopita. Nilikuwa nashangilia matokeo ya Editha. Nikakuandikia Radi, na Radi hakuwepo. Huyu ni binti wa Asali."

Maziwa yaliacha kulia kwenye ndoo. Mzee Luvanda alivuta debe, akaligeuza, akalikalia. Malkia peke yake ndiye hakujali. Alinyoosha ulimi mrefu, akaramba kioo cha kishikwambi toka chini mpaka juu, kikalia "tik", kikapiga picha ya koo lake, halafu kikapinduka kifudifudi ndani ya pumba. Tunu akaanza kuongea humohumo kwa sauti ya mtu aliyefunikwa mto.

"Ulinitazama usoni," alisema Mzee. "Ukaniambia rangi ya bibi yake."

"Ndiyo."

"Wewe. Uliyemwambia padri."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu. Nilikuwa na stashahada ukutani, na ndama wa mrija usio wake zizini kwako. Nikasema nitakwambia akiachishwa maziwa. Akaachishwa. Nikasema nitakwambia akizaa. Akapata kikombe. Ukaandika geti."

Uso wa Mzee ulikuwa umezeeka kidogo tangu alipoingia, na hilo ndilo lililonichoma, si leseni.

"Na ile homa ya mwezi uliopita?"

"Haikuwepo. Nilikuwa naogopa kumpandisha kwa baba yake."

"Nilimfunika blanketi langu siku tatu!"

"Na mimi nikalala na baridi siku tatu," alisema Mama Salome. Sauti yake ilitetemeka. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa ameshika tumbo. "Mbuzi," alisema. "Luvanda, mume wangu. Miaka yote hii... tunakamua mbuzi wa kahawia!"

"Salome."

"Umepeleka mbuzi kwenye maonyesho! Mbuzi amevaa utepe!"

"Salome, nimesema."

"Nami nilikuwa najiuliza siagi yote hii Radi ameitoa wapi!" Alicheka mpaka ng'ombe aliyekuwa akimkamua akageuka kumtazama. Mzee Luvanda alikaza uso kadiri alivyoweza. Mdomo ulianza kumtoroka upande mmoja, akaurudisha, ukatoroka tena. Mwishowe mabega yakaanza kuruka. Sijawahi kusikia mtu akicheka kwa hasira na kwa furaha kwa pumzi moja, lakini nilimsikia, mkono wangu ungali ndani ya ng'ombe wake.

Alipojifuta macho alisimama. "Mrija wa bluu umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

"Weka. Na uandike Radi."

"Nitaandika Radi," nikasema, "kwa sababu mara hii ndiye ninayemweka."

"Halafu geti langu utalipaka rangi wewe mwenyewe. Si binti yako. Wewe."

Nilitoa mrija wa bluu kwenye mtungi. Niliusoma mara tatu kwa sauti. Mama Salome naye akausoma. Mzee akavaa miwani akausoma. Ng'ombe yule alipata mbegu iliyoshuhudiwa kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

* * *

Kesho yake Nyagawa alikifuta kishikwambi kikubwa dakika kumi, akitoa pumba kwenye matundu kwa kijiti cha meno. Kisha akavaa koti.

"Tunu, wa Skolastika Mlowe. Unakubali kuhamia Mbuga?"

"Hicho kidogo kinaingia mfukoni?" Tunu aliuliza.

Nilikichomeka kifuani, nikainama, nikainuka, nikaruka mara moja. Kikatulia.

"Kinaingia."

"Basi nakubali. Pumba zimenitosha."

Nyagawa alipiga vigelegele kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mwanamume na mshenga. Editha akampokea, wakavimalizia pamoja. Halafu Nyagawa alinikabidhi kile kidogo, na kazi ya kwanza kule Mbuga nikaifanya palepale kwenye kaunta, kwa kidole changu. Ng'ombe namba 118, Malkia. Baba, Asali. Chini, kwenye nafasi ya maelezo, niliandika: "Mrija ulikosewa. Nilikosea mimi. Nikaficha mimi." Nikaapa. Nikabonyeza.

Nilijua wilaya nzima inaona. Nilikaa kwenye benchi kama mtu aliyeng'olewa jino anayesubiri ganzi iishe.

Mlio wa kwanza ulikuja kabla chai haijapoa. Ulitoka kwa mhimilishaji mmoja wa kule juu kwenye misitu, mtu nisiyemjua. "Dada, mimi mara mbili. Narekebisha leo." Wa pili alikuwa mwalimu wangu wa chuo, mstaafu. "Skolastika, mwaka wa nne wa kazi, ng'ombe wa paroko. Mungu anisamehe." Mpaka jioni walikuwa kumi na saba, na Tunu alikuwa akinisomea mmoja mmoja huku nikimhimilisha ng'ombe wa watu, mikono yote miwili kazini, kifua kikiongea.

Kamati ya wilaya haikucheka hivyo. Waliniita, wakaniacha na leseni, wakanipa adhabu ya kurudia kozi ya rangi za mirija, siku mbili, darasani na watoto wa umri wa Editha. Nikaenda. Nikafaulu. Nikaongoza.

Geti nililipaka Jumamosi. Rangi nyekundu, mwandiko wangu mbaya, herufi ya mwisho imebanwa kwa sababu sikupima. UZAO WA ASALI. Nilipokuwa namalizia, wakaja majirani wa ng'ambo ya mto, wale wa mbuzi wa kahawia, watatu, wakasimama wakasoma. Mzee Luvanda alitoka na koti lake la sufi, mikono nyuma.

"Mnaona," aliwaambia. "Nyie mlifuga Kijezi kwa bahati. Mimi nilipiga hesabu. Miaka sita iliyopita nilimwambia Mama Mifugo hapa, mwanangu, mbele tunakokwenda ni kwenye mafuta. Changanya."

Wakanigeukia mimi. Mama Salome, mlangoni, alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga asicheke.

"Rekodi inasema," Tunu alianza kifuani kwangu, "kwamba tarehe hiyo Mzee Luvanda aliagiza..."

Nikamfunika kwa kiganja. Kishikwambi kidogo kina faida hiyo nayo, kinafunikika kwa mkono mmoja, na mwingine ukaendelea kupaka rangi.